Wilaya Mbili na Senti Themanini: Kupungua kwa Vifo vya Watoto Rufiji na Morogoro Vijijini

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto uliofanyika Tanzania mwaka 1999 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Kiwango hicho kilikuwa karibu kilekile kilichopatikana mwanzoni mwa muongo huo, kana kwamba miaka kumi ya kampeni, semina na misaada ilipita bila kuacha alama. Wauaji walijulikana kwa majina: malaria, nimonia, kuhara, surua, utapiamlo na matatizo ya siku za kwanza baada ya kuzaliwa. Tiba na kinga zake nazo zilijulikana, na nyingi zilikuwa za bei ndogo. Lililohitaji kuelezwa ni kwa nini nchi iliyokuwa imejenga zahanati vijijini, ikasomesha waganga na wauguzi wake na kuwapelekea masanduku ya dawa kila mwezi, iliendelea kupoteza karibu mtoto mmoja katika kila saba.

Kisa ninachokichambua hapa ni cha wilaya mbili zilizojaribu kulijibu swali hilo kwa vitendo kuanzia mwaka 1997: Rufiji katika Mkoa wa Pwani na Morogoro Vijijini katika Mkoa wa Morogoro. Mradi uliozihusisha ulijulikana kwa kifupi chake cha Kiingereza, TEHIP, yaani mradi wa Tanzania wa huduma muhimu za afya, na uliendeshwa na Wizara ya Afya ya Tanzania pamoja na IDRC, shirika la umma la Kanada linalogharimia utafiti wa maendeleo. Miongoni mwa waliouongoza walikuwamo Harun Kasale, Conrad Mbuya, Graham Reid na Don de Savigny. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu vifo vya watoto vilipungua haraka bila mradi wenyewe kuleta dawa mpya wala chanjo mpya. Kilichobadilika kwanza ni namna kikundi kidogo cha watu katika ofisi ya mganga mkuu wa wilaya kilivyoamua fedha iende wapi, na ninaamini hilo linastahili kuelezwa kwa urefu kuliko linavyoelezwa kwa kawaida.

Chimbuko lake

Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilitoa ripoti yake ya mwaka iliyohusu afya. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba nchi maskini ingeweza kupunguza sehemu kubwa ya mzigo wake wa maradhi kwa takriban dola 12 za Marekani kwa mtu kwa mwaka, ilimradi fedha hizo zielekezwe kwenye huduma chache zilizoteuliwa kwa sababu ya kuokoa maisha mengi kwa gharama ndogo. Tanzania wakati huo ilikuwa ikitumia takriban dola 8. Mbali na pengo hilo la fedha, hapakuwa na ushahidi wowote kwamba wilaya ya kawaida, yenye watumishi wachache na barabara mbovu, ingeweza kupanga kazi zake kwa hesabu ya namna hiyo. Katika mkutano ulioitishwa Ottawa mwaka huohuo lilizaliwa wazo la kulijaribu jambo lenyewe katika wilaya halisi, na Tanzania ikakubali kuwa mahali pa jaribio.

Wilaya zilizochaguliwa hazikuwa za kubembelezwa na mazingira. Rufiji ya wakati ule ilianzia vijiji vya barabara kuu ya kusini, Bungu, Kibiti na Ikwiriri, ikashuka hadi visiwa vya mikoko katika delta, ambako mgonjwa alisafirishwa kwa mtumbwi. Makao makuu na hospitali ya wilaya yalikuwa Utete, ng'ambo ya mto, na daraja kubwa lililopewa jina la Mkapa halikufunguliwa hadi mwaka 2003. Mvua za masika zilipokolea, baadhi ya zahanati zilikatika kabisa na ulimwengu. Morogoro Vijijini ilikuwa na watu wengi zaidi na milima ya Uluguru, yenye vijiji vinavyofikiwa kwa miguu tu. Kwa pamoja wilaya hizo mbili zilikuwa na watu zaidi ya 700,000.

Kuhesabu vifo ambavyo hospitali haivioni

Mpangaji wa afya wa wilaya, wakati ule, alitegemea vitabu vya mahudhurio ya zahanati na hospitali. Vitabu hivyo huonyesha waliofika. Havimwonyeshi mtoto aliyefia nyumbani usiku, akazikwa asubuhi, na ambaye jina lake halikuwahi kuandikwa popote zaidi ya kadi ya kliniki iliyobaki kwa mama yake. Katika Tanzania ya miaka ya 1990 watoto wengi waliokufa walikufa hivyo, na kwa hiyo takwimu za hospitali zilitoa picha iliyopinda ya kile kilichokuwa kikiwaua.

Morogoro Vijijini ilikuwa tayari imeanza kulitatua tatizo hili kupitia mradi wa awali wa kufuatilia vifo vya watu wazima ulioanza mwaka 1992 na ambao uliwahusisha pia wakazi wa Dar es Salaam na Hai. Rufiji ilianzisha mfumo wake Novemba 1998. Vijiji 31 vya kaskazini mwa mto, vyenye watu wapatao 85,000, viliandikishwa nyumba kwa nyumba. Kila baada ya miezi minne wadadisi walirudi katika kila kaya kuuliza nani amezaliwa, nani amehama, nani amehamia na nani amefariki. Palipotokea kifo, mtumishi aliyefunzwa aliwatembelea wafiwa baada ya muda wa maombolezo na kuwauliza kwa utaratibu juu ya siku za mwisho za marehemu: homa ilianza lini, alipumua vipi, alishtuka au kukakamaa, alipelekwa wapi na akapewa nini. Madaktari walisoma maelezo hayo kila mmoja peke yake na kuamua chanzo cha kifo. Njia hii ina mapungufu, hasa kwa malaria, ambayo dalili zake huingiliana na za nimonia na za upungufu wa damu, lakini ni bora mara nyingi kuliko kutojua lolote.

Maswali hayo yalivunja dhana moja iliyokuwa imezoeleka hata miongoni mwa wataalamu, kwamba watoto hufa kwa sababu wazazi wao huanzia kwa mganga wa kienyeji, hasa mtoto anapopata degedege, ambalo wengi walilihusisha na mashetani. Uchambuzi wa vifo vya malaria vilivyotokea Rufiji kati ya 1999 na 2001 ulionyesha kwamba karibu wanne kati ya watano walikimbilia kwanza tiba ya kisasa, na waliotangulia kwa mganga wa jadi hawakufika hata mmoja katika kila kumi. Kwa maneno mengine, wazazi walikuwa wameusikia ujumbe na kuufuata. Walifika zahanati au duka la dawa, na mtoto akafa hata hivyo. Ninaona hili kuwa jambo zito kuliko yote yaliyogunduliwa Rufiji, kwa sababu linahamisha lawama. Wazazi waliolaumiwa kwa ujinga walikuwa wametimiza wajibu wao, na aliyeshindwa ni mfumo uliowapokea: dawa iliyokuwa imeanza kushindwa kazi, kipimo cha dawa kilichokosewa, dalili za hatari ambazo hazikutambuliwa, au rufaa iliyotolewa wakati hakuna chombo cha kumfikisha mgonjwa Utete.

Bajeti ikiwekwa kando ya makaburi

Baada ya kuwa na takwimu za vifo, hatua iliyofuata ilikuwa kuziweka kando ya bajeti. Watafiti waligeuza mzigo wa maradhi kuwa michoro rahisi ya pau, iliyopangwa kwa kufuata huduma zinazoweza kuzuia au kutibu maradhi hayo, na si kwa majina ya magonjwa pekee. Timu ya usimamizi wa afya ya wilaya ilipewa pia kifaa cha kukokotoa kwa kompyuta kilichoonyesha ni kiasi gani cha fedha za wilaya, kutoka kila chanzo, kiliishia kwenye huduma ipi. Hapo awali kazi hiyo ilikuwa ngumu mno, kwa maana fedha zilifika kwa mafungu mengi, kila mfadhili akiwa na kitabu chake na masharti yake.

Picha iliyojitokeza Morogoro kutokana na bajeti ya mwaka 1996 ilikuwa ya kushtua. Malaria ilisababisha takriban asilimia 30 ya miaka yote ya maisha iliyopotea, yaani miaka ambayo watu wangeishi kama wasingekufa mapema, lakini ilipata asilimia 5 tu ya bajeti. Kundi la maradhi ya utotoni, yaani nimonia, kuhara, utapiamlo, surua na malaria ya watoto, lilichangia asilimia 28 ya mzigo na kupata asilimia 13 ya fedha. Kifua kikuu kilichangia chini ya asilimia 4 ya miaka iliyopotea na kupewa asilimia 22. Hakuna mtu aliyekaa akaamua kwamba iwe hivyo. Mgawanyo ulitokana na mazoea, na bajeti ya mwaka uliopita ikiongezwa kidogo, na programu za kitaifa zenye wafadhili wakubwa waliokwisha kuamua fedha yao ifanye nini kabla haijafika wilayani.

Inafaa kusimama kidogo hapa, maana michoro hii inaweza kutumiwa vibaya. Ugonjwa unaweza kuonekana mdogo kwa sababu tu kinga yake inafanya kazi. Surua iliua wachache pale ambapo chanjo ilifika, na anayepunguza fedha za chanjo kwa kuwa surua imepungua atairudisha. Kifua kikuu nacho huambukiza, dawa zake ni za miezi mingi, na mgonjwa mmoja asiyetibiwa huwa chanzo cha wagonjwa wengine. Kwa hiyo hakuna kanuni inayosema kwamba asilimia ya fedha lazima ilingane na asilimia ya vifo. Timu za Rufiji na Morogoro hazikufanya kosa hilo. Hawakunyang'anya huduma moja fedha zake ili kuipa nyingine; walitumia fedha chache za nyongeza, zisizofungwa na sharti la ugonjwa fulani, kujaza mapengo makubwa kabisa, yaani malaria na tiba ya watoto wagonjwa.

Fedha kidogo, na mamlaka ya kuitumia

Mradi ulikuwa tayari kuzipa wilaya hadi dola 2 za ziada kwa kila mkazi kwa mwaka. Wilaya zilishindwa kuzitumia zote. Uwezo wao wa kupanga, kununua, kusambaza na kusimamia ulifikia kikomo mapema, na wastani wa nyongeza iliyotumika ulikuwa takriban senti 80 za dola. Mtu anaweza kulichukulia hilo kuwa udhaifu, lakini mimi nalisoma kuwa taarifa muhimu kuhusu mahali penye ukosefu: wilaya hizi hazikuwa na uhaba wa fedha pekee, zilikuwa na uhaba wa mikono, magari, mawasiliano na muda wa viongozi waliokuwa wakiitwa kila wiki kwenye semina za programu mbalimbali.

Sehemu ya nyongeza ilikwenda kwenye mambo ambayo mfadhili wa kawaida huyapitia kando kwa sababu hayapendezi katika picha. Vituo vya afya vilipewa jukumu la kusimamia zahanati zilizovizunguka, badala ya kila zahanati kungoja ugeni wa mara chache kutoka makao makuu ya wilaya. Redio za upepo zilifungwa ili mtumishi aliye mbali aweze kuulizia dawa zilizokwisha au kuomba gari la mgonjwa. Zahanati zilizokuwa zimechakaa zilikarabatiwa kwa mpango ambao wananchi walichangia nguvu kazi, mchanga na mawe, huku vifaa vya dukani vikinunuliwa kwa fedha za wilaya. Mtumishi anayejua kwamba msimamizi wake atakuja mwezi huu, atafungua rejista na atakaa naye akimtazama anavyompima mtoto, hufanya kazi tofauti na yule aliyeachwa peke yake kwa mwaka mzima.

Wakati huohuo serikali ilikuwa katika mageuzi ya sekta ya afya. Madaraka yaligatuliwa kwenda halmashauri, na kuanzia mwaka wa fedha 1999/2000 baadhi ya wahisani walikubali kuweka fedha zao katika mfuko wa pamoja, ambao halmashauri iliupangia matumizi yenyewe. Bila mageuzi hayo, michoro mizuri ya Morogoro ingebaki ukutani. Mganga mkuu wa wilaya asiye na ruhusa ya kuhamisha shilingi kutoka fungu moja kwenda jingine hafaidiki na kujua kwamba malaria ndiyo inayoua zaidi.

Mtoto anapofika zahanati

Fedha zilizoelekezwa kwa watoto wagonjwa zilitumika kwa kiasi kikubwa kueneza utaratibu uliobuniwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF katikati ya miaka ya 1990, unaojulikana kwa kifupi cha Kiingereza cha IMCI, yaani kushughulikia kwa pamoja maradhi ya utotoni. Msingi wake ni kumtazama mtoto mzima, wala si lalamiko lililomleta. Mama anasema mtoto ana homa; kwa mazoea ya zamani anapewa klorokwini na kurudishwa nyumbani. Chini ya utaratibu huu mtumishi huanza na dalili za hatari: je, mtoto anaweza kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au hajitambui? Akiona mojawapo, ni rufaa ya haraka baada ya dozi ya kwanza ya dawa. Kisha huhesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka, pumzi 50 au zaidi ni dalili ya nimonia. Kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni 40 au zaidi. Hutazama kama kifua kinabonyea mtoto anapovuta pumzi, huvuta ngozi ya tumbo kuona upungufu wa maji, huangalia weupe wa viganja, hupima uzito, na hufungua kadi ya kliniki kuona chanjo na matone ya vitamini A ambayo mtoto ameyakosa.

Mafunzo yalichukua siku kumi na moja, nusu yake yakiwa na wagonjwa wa kweli. Hakuna kifaa cha gharama kinachohitajika zaidi ya saa yenye mshale wa sekunde, mizani na kitabu cha mwongozo. Kinachohitajika ni muda, na hapo ndipo utaratibu huu hubanwa siku ambayo watoto sitini wamepanga foleni na mtumishi ni mmoja. Ninalitaja hili kwa sababu maandiko mengi huuelezea utaratibu kana kwamba ukishafundishwa umekwisha tekelezwa. Katika wilaya hizi mbili tofauti ililetwa na usimamizi uliofuata baada ya mafunzo, pamoja na dawa kuwapo siku mtumishi alipozihitaji.

Dawa yenyewe ya malaria ilikuwa tatizo. Klorokwini ilikuwa inashindwa sehemu nyingi za nchi, na Agosti 2001 serikali iliiondoa na kuweka SP (sulfadoksini na pirimethamini) kuwa dawa ya mstari wa kwanza, hatua iliyofuatwa miaka kadhaa baadaye na dawa ya mseto. Watoto wa Rufiji na Morogoro walinufaika na badiliko hilo kama wa wilaya nyingine zote.

Matokeo, na kiasi cha kuyaamini

Rufiji, ambako hesabu ilifanywa kaya kwa kaya, vifo vya watoto wachanga walio chini ya mwaka mmoja vilishuka kutoka 100 kwa kila 1,000 waliozaliwa hai mwaka 1999 hadi 72 mwaka 2000, na vya walio chini ya miaka mitano vikashuka kutoka takriban 140 hadi 120. Tofauti ya mwaka mmoja huweza kuletwa na mvua chache tu zilizopunguza mbu. Lakini mwelekeo uliendelea, na katika kipindi cha takriban miaka mitano vifo vya watoto katika wilaya hizo mbili vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Takwimu hiyo ya asilimia 40 ndiyo iliyosafiri dunia nzima, na ndiyo inayostahili kuchunguzwa kwa makini zaidi. Ni hesabu ya kabla na baada, na haiwezi yenyewe kusema nini kilisababisha nini. Kwa bahati nzuri, tathmini nyingine iliyofanywa chini ya Shirika la Afya Duniani na watafiti wa Kituo cha Ifakara, cha utafiti wa afya, ilizilinganisha Rufiji na Morogoro Vijijini na wilaya jirani za Kilombero na Ulanga, ambako IMCI ilikuwa bado haijaanza. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2004, yalionyesha kwamba kufikia mwaka 2002 vifo vya watoto vilikuwa chini kwa asilimia 13 katika wilaya zenye utaratibu huo. Idadi ya wilaya ilikuwa ndogo, na makisio yao yaliacha nafasi kwamba tofauti halisi ni kubwa zaidi ya hapo au haipo kabisa. Upande wa gharama ulikuwa wazi zaidi: huduma za afya za mtoto mmoja chini ya miaka mitano ziligharimu takriban dola 11 kwa mwaka katika wilaya zenye IMCI, na takriban dola 16 katika zile za ulinganisho.

Anayeona asilimia 13 na asilimia 40 anaweza kudhani mojawapo ni ya uongo. Maelezo yake yamo katika wilaya za ulinganisho zenyewe. Kilombero na Ulanga hazikuwa zimekaa bure. Tangu mwaka 1997 Kituo cha Ifakara kilikuwa kikieneza huko vyandarua vilivyotiwa dawa, vikiuzwa madukani na vijijini kwa bei nafuu kwa jina la Zuia Mbu, na matumizi ya vyandarua hivyo kwa watoto wachanga yalipanda kutoka chini ya asilimia 10 hadi zaidi ya asilimia 50. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulikadiria kwamba chandarua chenye dawa kiliongeza uwezekano wa mtoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne kuendelea kuishi kwa asilimia 27. Rufiji na Morogoro zililinganishwa, basi, na majirani waliokuwa wakipambana na malaria kwa silaha nyingine iliyo imara. Kwamba tofauti bado ilionekana, ingawa kwa mashaka, ni jambo la kutia moyo.

Upo pia mwelekeo wa nchi nzima. Uchambuzi wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kati ya mwaka 2000 na 2004 vifo vya watoto chini ya miaka mitano nchini Tanzania vilipungua kwa asilimia 24. Katika kipindi hicho matumizi ya umma ya afya kwa kila mtu yaliongezeka zaidi ya maradufu, na sehemu ya watoto waliopata matone ya vitamini A ilipanda kutoka asilimia 14 mwaka 1999 hadi asilimia 85 mwaka 2005. Kwa hiyo sehemu fulani ya kushuka kulikoonekana Rufiji kungetokea hata bila mradi. Hata hivyo, mageuzi yaliyoleta nafuu ya kitaifa, yaani halmashauri kupanga zenyewe, mfuko wa pamoja, michoro ya mzigo wa maradhi iliyosambazwa kwa wilaya nyingine, ni yaleyale yaliyojaribiwa kwanza au kuimarishwa katika wilaya hizi mbili. Hukumu yangu ni kwamba TEHIP haistahili sifa ya asilimia 40 yote, lakini inastahili sifa kubwa kuliko ile ya asilimia 13, kwa kuwa iliithibitishia serikali kwamba madaraka ya kupanga yanaweza kukabidhiwa wilaya pasipo fedha kupotea.

Waliobaki nyuma

Utafiti wa kitaifa uliendelea kurudiwa, na namba zake zinasimulia nusu mbili za habari moja. Vifo vya walio chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 147 mwaka 1999 hadi 112 mwaka 2004/05, kisha 81 mwaka 2010, 67 mwaka 2015/16 na 43 mwaka 2022. Mwaka 2013 Tanzania ilitajwa na Umoja wa Mataifa miongoni mwa nchi chache za Afrika zilizokuwa zimekwisha kulifikia Lengo la Milenia la kupunguza vifo hivyo kwa theluthi mbili. Hayo ni mafanikio ya watu wengi, na yeyote aliyewahi kusimama kwenye kliniki ya watoto miaka ya 1990 anajua maana yake.

Lakini vifo vya siku 28 za mwanzo vilikwenda mwendo mwingine: 40 mwaka 1999, 32 mwaka 2004/05, 26 mwaka 2010, 25 mwaka 2015/16 na 24 mwaka 2022. Kwa miaka kumi na miwili vimesogea kwa hatua mbili tu, huku vifo vya watoto wakubwa kidogo vikiendelea kuporomoka, na sasa zaidi ya nusu ya watoto wote wanaofariki kabla ya miaka mitano hufariki katika mwezi wao wa kwanza. Wanakufa kwa kuzaliwa kabla ya wakati, kwa kukosa hewa wakati wa uchungu na kujifungua, na kwa maambukizi ya damu. Utaratibu wa IMCI kama ulivyotumika Rufiji ulianza na mtoto wa wiki moja, kwa hiyo hata muundo wake uliziacha siku zenye hatari kuliko zote.

Sababu ya mkwamo huo inaonekana vizuri kutoka mikoa ya kusini ya Lindi na Mtwara, ambako watafiti wa Ifakara walifundisha wanavijiji wa kujitolea kuwatembelea wajawazito na wazazi nyumbani na kuwashauri juu ya kujifungulia kituoni, usafi, kunyonyesha mapema na kumpa mtoto joto. Mienendo ya akina mama ilibadilika. Vifo vya siku 28 za mwanzo havikupungua, kama matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalivyoonyesha. Ni picha ileile ya Rufiji ya mwaka 1999 katika umri mwingine: familia zimefuata ushauri, zimefika kituoni, na kituo hakikuwa na uwezo wa kumwokoa mtoto aliyezaliwa bila kulia.

Vijiji vile 31 leo vimegawanywa kati ya wilaya mbili, Rufiji na Kibiti. Halmashauri zao huandaa kila mwaka mpango kabambe wa afya, na tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja huingia moja kwa moja kwenye akaunti za zahanati na vituo vya afya. Zana za kupanga, basi, zipo kuliko zilivyokuwa mwaka 1997. Kama timu ya leo ingechora michoro ileile ya pau, pau ya siku 28 za kwanza ingezipita nyingine zote, na jibu lake haliwezi kununuliwa kwa senti 80 na siku kumi na moja za mafunzo. Linahitaji mkunga wa zamu ya usiku ambaye hayuko peke yake na aliyezoea kutumia mfuko wa kumpulizia mtoto hewa, umeme usiokatika, oksijeni, chumba ambamo mtoto mwenye kilo moja na nusu anaweza kulazwa kifuani mwa mama yake kwa wiki kadhaa akitazamwa na muuguzi, upasuaji unaopatikana ndani ya saa chache, na gari linalokuja linapoitwa. Mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama na namba yake ya bure 115 umeanza kulishughulikia hilo la mwisho. Hayo mengine hutegemea ajira na mishahara, mambo ambayo halmashauri haijapewa madaraka nayo kama ilivyopewa juu ya dawa na mafuta ya gari, na hapo ndipo mgawanyo wa fedha unapopaswa kuwekwa tena kando ya takwimu za vifo, safari hii mezani pa Hazina na wizara yenye dhamana ya utumishi.